Mstari Nilioufuta Kwenye Programu ya Mwas

S.L.P. 1187,
Thika.
14 Agosti, 1996.

Mpendwa kaka Gachanja,

Baridi ya Uingereza inakutendea vipi? Kifua kimepona? Sisi huku Makongeni tu wazima, isipokuwa magoti ya mama. Cucu, nyanya yetu wa Ruiru, huuliza kila Jumapili kama umenenepa, nami humdanganya kwamba ndiyo.

Barua yako ilifika. Eti kompyuta uliyobuni, ya prosesa kumi na sita, inamaliza programu ya Mwas kwa nusu ya muda wa watafiti wengine! Nilipiga kelele ya furaha. Kisha nikaketi kukuandikia, maana najua sababu.

Unakumbuka sharti la ndugu yetu Mwas alipoiandika programu: disketi yake apewe kila anayeomba, bure, ila asibadilishe hata nukta, ili wote mpime mashine zenu kwa kazi ileile. Tulipomzika nikaendelea kuzituma mimi. Kila nilipoijaribu programu kabla ya kunakili, skrini iliandika: "Sasa! Ni Mwas. Mko wote?" Wiki tatu tu baada ya mazishi! Niliogopa, Gachanja. Hata nikizima mashine nilihisi yuko nyuma ya kiti, anangoja jibu.

Basi nikaifuta salamu. Nilifuta huku nalia, na nikaondoa pia mstari uliofuata, ule unaozifanya prosesa zote zingojeane kabla ya hatua nyingine. Bila huo kila moja inakimbia kivyake, na majibu hayaaminiki. Kasi uliyoiona si ya mashine yako. Ni kosa langu.

Niligundua kosa hilo mwezi Mei, nikawatumia wale watafiti wengine kumi waliopata disketi mbovu nakala nyingine isiyo na kasoro. Wewe nikakuruka. Wao niliwaambia tu kuna hitilafu, hawakuuliza zaidi. Wewe ungeuliza, na ningelazimika kusema kwamba nilitaka Mwas anyamaze.

Nakuomba usiwasilishe tasnifu yako Septemba kabla ya kurudia vipimo vyote. Disketi iliyo ndani ya bahasha hii sijaigusa. Najua ni miezi ya kazi yako niliyoiharibu, na sina cha kujitetea.

Mama anakusalimu sana, na Njambi wa Gatongora pia. Mungu akulinde na akupe nguvu ya kuanza upya.

Bado nakupenda, na bado ni dada yako, ukinikubali,
Warigia.