Nilivyokiona Kituo cha Anga Bila Kukiona

Jumanne, 3 Oktoba 2023

Ulikuwa wapi wewe? Miezi minne! Ukurasa wa mwisho umeandika "kesho nitaendelea" – kesho gani hiyo, ya mwaka gani? Daftari limelala chini ya godoro kama yai viza, na wewe unazunguka uani na mbuzi. Usinisingizie kazi. Nakujua, Velika, maana ni mimi. Umeacha kuandika kwa sababu huioni mistari. Basi leo andika kwa herufi kubwa, na mistari ikitaka kupandana na ipandane. Hakuna mwalimu hapa. Hakuwapo hata zamani. Kusoma nilijifunza kwenye tanzia zinazobandikwa milangoni na kwenye nguzo. Wafu wa Dolna Vrana, kijiji chetu hiki, ndio walionifundisha, mmoja baada ya mwingine, na hawakunichapa hata siku moja.

Habari ni hii. Radka kapiga simu kutoka Italia. Binti yangu huyo, mwaka wa sita anaogesha mama wa watu. Mama wa kwake anajiogesha.

Anasema: Mama, Neda kaniambia jana ulisimama njiani ukausalimia mti.

Neda! Jirani ya ukuta kwa ukuta, ulimi una magurudumu. Nikamjibu Radka kwamba mti ule una adabu kumshinda Neda, ukisalimiwa hauulizi umepika nini.

Hakucheka. Anasema macho yangu yamekwisha, mtoto wa jicho kayala yote mawili. Nikamwambia naona mpaka dhambi za padri. Akasema haya, tutapima. Jumamosi jioni kituo cha anga kinapita, kile wanachokaa watu huko juu. Kinapita kwao kwanza, halafu dakika mbili na nusu baadaye kiko juu yangu. Nikitazame, nimweleze kilivyopita. Nikishindwa, anarudi, "tutaangalia la kufanya."

Tutaangalia la kufanya! Maneno hayo nayajua. Mtoto wa mzee Gecho wa hapa kijijini naye alirudi kuangalia la kufanya, na sasa Gecho yuko makao ya wazee mjini, anakula supu isiyo na chumvi na kulala saa moja kama kuku. Nyumba yake imebaki na kufuli.

Mimi sitoki humu. Waje na ng'ombe wanivute.

Jumatano, 4 Oktoba

Mwenyekiti wetu Tsankov kasikia habari ya kituo cha anga (kutoka kwa nani? usiulize) na ghafla kimekuwa chake. Kaandaa sherehe. Kabandika matangazo kijiji kizima.

Sasa sikiliza akili ya mtu. Kompyuta ya ofisi yake haijawahi kuandika kitu kingine zaidi ya tanzia, ndiyo kazi pekee iliyobaki kijijini. Basi kachukua tanzia ya mwisho, kafuta marehemu, kaandika kituo cha anga. Fremu nyeusi kaiacha. Pale penye picha ya maiti kaweka kijana wa angani na kofia yake ya kioo. Anatabasamu, maskini.

Nani husoma tanzia mpaka mwisho? Ukiona fremu nyeusi unaangalia picha, unajipiga ishara ya msalaba, unakwenda kuchemsha ngano ya matanga. Kufika adhuhuri kijiji chote kinanuka ngano na sukari. Neda ananipigia kelele ukutani:

– Velika! Umemwona yule kijana?
– Kijana gani?
– Aliyekufa! Si mtu wa hapa. Ana kofia ngumu. Pikipiki hiyo, shoga, pikipiki!

Mimi nikaenda nikabandika pua kwenye karatasi, nikasoma mpaka nukta ya mwisho. Jumamosi, saa mbili kasoro dakika tano jioni, uwanjani, wote mnakaribishwa. Nilipomwambia Neda hakuna aliyekufa, alinuna. Ngano ilikuwa tayari motoni.

Ijumaa, 6 Oktoba

Tumechoma hoho tangu asubuhi, mimi na Neda. Sihitaji macho kwa hoho. Ganda likiungua linanuka, likiiva linapiga mluzi. Natoa, namenya, natia kwenye chupa. Neda anayeona vizuri kaunguza saba.

Nikaona hapo ndipo pa kusema.

– Neda, kesho utakuwa macho yangu.
– Macho yako yako wapi?
– Wewe si ndiye uliyeyatangaza mpaka Italia? Sasa yarudishe. Utasimama karibu yangu, utanishika mkono, utaniambia kinatokea wapi, kinakwenda wapi, kina rangi gani. Mimi nitamwambia Radka.
– Huo ni uongo.
– Uongo wako. Mimi ni wa kuupeleka tu.

Akataka chupa kumi za hoho. Nikampa nne na matusi. Baadaye, anamenya, mara anasema bila kuniangalia: wakikupeleka makao ya wazee, mimi nitagombana na nani?

Nikampa ya tano.

Jumamosi, 7 Oktoba

Naandika kwa hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Watu thelathini na mmoja uwanjani, yaani sote tuliobaki. Nusu na chupa za rakia, pombe yetu kali ya matunda, nusu na ngano na mishumaa, maana walioambiwa hakuna maiti walisema ngano haitupwi. Padri naye kaja na chetezo, anauliza jina la marehemu. Mwenyekiti anamwambia baba, hakuna marehemu. Padri anasema marehemu yupo siku zote, nipe jina lolote. Akaanza kuimba.

Taa mpya za uwanjani zinawaka, nane, nyeupe kama meno ya bandia. Mwenyekiti ndiye aliyezileta. Nikamwambia, mwanangu, zima taa, nyota hazionekani kwenye taa. Akasema:

– Bibi Velika, taa hizi zilizinduliwa. Kitu kilichozinduliwa hakizimwi.

Kisha akapanda kwenye kiti na kutoa karatasi. Dolna Vrana, kasema, sasa iko kwenye njia ya anga. (Njia ya kwenda kwa daktari ina shimo lililomeza mkokoteni, lakini ya anga iko sawa.) Akashukuru wizara. Akashukuru mkoa. Akamshukuru mke wake, kasimama, kaketi. Akasema baada ya hotuba kuna nyama ya kuchoma – na hapo, jamani, shingo zote zikamgeukia, hakuna iliyobanduka. Ikafika saa mbili kasoro dakika tano. Yeye anasema: "na sasa, kabla hakijafika, maneno mawili." Maneno mawili yakachukua dakika tisa!

Katika kijiji kizima, mtu aliyetazama juu muda wote ni mimi. Mimi nisiyeona! Shingo imekakamaa mpaka sasa. Nimeona nini? Ukungu mweupe, kama mtu kanivika kitambaa cha kuchujia maziwa.

Namfinya Neda:

– Kiko wapi?
– Nini?
– Kituo!
– Ngoja, anataja wa kugawa nyama.

Ndipo wakainua vichwa. Hamna kitu. Mwenyekiti akatazama saa, akatazama juu, akatangaza kuwa kituo kimeahirishwa. Na watu wakapiga makofi! Wakaanza kula ngano.

Sikuwa na macho yangu wala ya kuazima. Simu ikalia hapohapo uwanjani.

– Mama? Umekiona?

Ungefanyaje wewe? Nikamfikiria Gecho, nikaifikiria supu. Nikasogea gizani nyuma ya kanisa na mdomo ukaenda wenyewe. Nikasema kimetokea upande wako, mwanangu, upande wa machweo. Hakipepesi kama nyota, hakikimbii. Kinatembea kama mwanamke aliyebeba ndoo ya maziwa imejaa pomoni, hataki limwagike hata tone. Kimepanda, kimepita juu ya kanisa, na kilipofika juu ya paa letu kikapunguza mwendo. Halafu kikazama upande wa mlima kama mtu anayeingia ndani na kufunga mlango taratibu, asiwaamshe watoto.

Nikamaliza. Nikajua nimenaswa.

– Mama, anasema, huku mvua inanyesha tangu mchana. Nilisimama robo saa kwenye roshani na mwavuli, bibi ninayemwogesha ananiita nimpeleke chooni, mimi siendi. Sikuona kitu. Nieleze tena.

Nikaeleza tena. Safari hii kilipunguza mwendo zaidi. Nilisikia analia, kisha akacheka, akasema kweli macho yako ni mazima, mama.

Nalala kama mwizi aliyefanikiwa.

Jumapili, 8 Oktoba

Radka kapiga baada ya misa. Sauti nyembamba, kama sahani iliyorambwa.

Anasema kwa kuwa naona vizuri, hana sababu tena. Watoto wa yule bibi wanamtaka asaini abaki miaka miwili mingine. Alikuwa amewaambia wasubiri. Kesho saa sita anasaini.

Nikauliza, sababu ya nini?

– Ya kurudi, mama. Nilishafungasha sanduku. Nilijua huoni hata mkono wako. Nikasema ukishindwa hutaweza kukataa, nitakuja nikae na wewe.

– Makao ya wazee je?

– Makao gani? Nani katamka makao ya wazee? Nilitaka kulala chumbani kwangu.

Hakuna aliyetamka. Ni kweli. Nimerudi nyuma neno kwa neno, nimepekua kama anayetafuta sindano. Maneno hayo nilimtia mdomoni mwenyewe. Mtoto anabisha hodi, mimi naegemeza kabati mlangoni!

Na unajua nilimjibu nini? Na kiburi hiki cha nyumbu? Nilisema "hongera, mwanangu." Hongera!

Jumatatu, 9 Oktoba

Saa nne asubuhi. Mbuzi hawajakamuliwa, wanalia, na walie.

Neda kaja bila kuitwa. Nimemweleza. Kakaa kitini, kavua kitambaa cha kichwa, kakivaa tena. Kasema:

– Piga simu, we punda mwenye hereni.
– Niseme nini? Kwamba nimemdanganya mtoto wangu mbele ya kanisa?
– Nyuma ya kanisa. Mbele alikuwapo mwenyekiti.

Neda kanibonyezea namba. Ikalia mara nne. Ikapokewa – si Radka. Ni yule bibi wa Italia mwenyewe! Anasema lake, mimi nasema langu. Mimi: Radka! Yeye: Radka! Mimi kwa nguvu, yeye kwa nguvu zaidi, vikongwe wawili tunavutana mtoto mmoja kwa waya. Ana mapafu, mbwa yule. Halafu akanyamaza, nami nikanyamaza, nikasikia anavyohema, pumzi fupi fupi, kama mimi nikipanda ngazi. Naye anaogopa. Sikulitaka hilo, kumhurumia.

Kaiweka simu mahali, haikukatika. Nasikia maji yanafungwa. Nasikia kandambili za Radka zinakuja, ukumbi mrefu huo, nyumba ya matajiri. Neda kanishika kiwiko. Naandika ili mkono usikate simu.

Wewe utakayefungua daftari hili tena: usianze na mbuzi wala hali ya hewa. Andika kwanza ulichomwambia, neno kwa neno. Kama ni hongera nyingine, rudisha kalamu chini ya godoro na usije.