Skrini ya Murimi na Gambuti za Wangeci

Jumapili. Baridi. Mlima umejifunika tangu asubuhi na siulaumu. Jana nami nilifunikwa, na ningefurahi kama wangeniacha hivyo hivyo.

Vidole vya miguu bado vinauma. Nitaeleza.

Jana ilikuwa siku ya mahari ya dada yangu Wangeci, hapa kwetu Chaka. Anayemwoa anaitwa Murimi, mtu wa Kerugoya. Walionana harusini kwa binamu yetu, wakapendana, halafu baada ya muda mfupi Murimi akaenda Qatar kufanya kazi kwenye ghala. Kwa hiyo mapenzi yao yamekuwa ya simu. Jioni Wangeci huegemeza simu kwenye kopo la unga na kupika huku wakizungumza. Miaka miwili nimekuwa nikisikiliza nusu ya mazungumzo hayo nikijifanya ninasoma.

Murimi alirudi juzijuzi kwa likizo, akaja kutusalimia. Mimi aliniletea simu mpya ndani ya kisanduku cheupe.

"Shemeji mdogo, hii ni ya kumaliza shule. Ni kama yangu. Angalia hiyo skrini! Mimi nikimpigia Wangeci naona kila unywele. Hata akiwa na unga kwa nyusi, naona. Ni kama ameketi hapa."

Watu wote sebuleni wakacheka kwa furaha. Mama akaniambia nishukuru. Nilishukuru nikiangalia zulia.

Lakini moyoni sikutulia. Sipendi zawadi inayokuja na hotuba. Nilijiuliza kama ananipa simu au ananiziba mdomo, ingawa mdomo wangu haujawahi kumsumbua mtu.

Basi nikaanza kuichunguza. Sina kazi nyingi tangu nimalize Kidato cha Nne, ila kuchota maji na kungoja majibu ya chuo.

Niliweka picha moja ya mlima kwenye simu mpya, na hiyo hiyo kwenye simu ya Mama iliyopasuka pembeni. Nilipozishika kama mtu anavyoshika simu, zilikuwa karibu sawa. Nilipozileta karibu na pua ndipo nikaona kwamba ile mpya ina mistari iliyo laini zaidi. Lakini nani husoma simu kwa pua? Nilimwita Mama alinganishe. Akaziangalia zote mbili, akasema ile yake inamwonyesha saa vizuri, akarudi kumenya viazi.

Video nazo huwa ninaziangalia kwa ubora wa chini ili bando lisiishe. Hapo skrini kali haina la kufanya. Ni kama kumpa miwani mpya mtu anayeangalia nje siku ya ukungu. Ukungu unabaki ukungu, tena sasa anauona vizuri zaidi.

Na chaji! Simu ya Mama inakaa mpaka unasahau chaja iko wapi. Hii mpya, nikiichezea mchana, inazima kabla ng'ombe hawajakamuliwa jioni.

Nisiwe mwongo, kuna nilichokipenda. Nilipiga picha jani la kiazi, nikakuza, nikaona vinyweleo vyake na tone la umande limekaa juu. Niliangalia mpaka mtungi ukafurika bombani na jirani akaniita. Kwa maandishi madogo pia ni nzuri. Nikienda chuo nikiwa na michoro ya kusoma, itanisaidia. Lakini mtu akinisifia kitu mara nyingi hivyo, mimi hutaka kujua anauza nini.

Ndipo nikaingia kwenye mipangilio.

Kuna mahali pa kuchagua ubora wa skrini. Kuna wa chini, wa kati na wa juu. Simu yangu ilikuwa kwenye wa kati, na hapo chini imeandikwa kwamba wa juu unakula chaji zaidi. Yaani ile skrini ya ajabu yenye vinukta vingi kuliko nyota ilikuwa imelala tangu itoke kiwandani. Nikaiamsha. Nikaangalia. Sikuona kitu.

Nikamwomba Wangeci awe anabadilisha akiwa amenipa mgongo, nami nikisie ni upi wa kati na upi wa juu. Nilikosea, nikapata, nikakosea, nikakosea tena.

"Wewe na mitihani yako," Wangeci akasema. "Si ulimaliza shule? Pumzika!"

Sikumwambia kwa nini nilikuwa ninajaribu. Sababu nitaiandika hapa, ambako wasomaji wangu ni wachache na wengi wao ni wasichana tuliokuwa bweni moja. Siku hiyo hiyo, kabla ya jaribio, Murimi alipita tena kwetu akaniomba nimsaidie kuweka laini ya Kenya kwenye simu yake. Niliiweka. Kisha nikachungulia mipangilio yake. Najua si adabu.

Yake pia ilikuwa kwenye wa kati.

Basi miaka miwili alikuwa akiona unywele gani? Na kama angekuwa na skrini kali kuliko zote, simu ya Wangeci ina kamera iliyokwaruzwa, na mtandao wetu upepo ukivuma hukatika. Picha inayofika imechakaa kabla haijafika. Hakuna skrini inayoweza kuonyesha kisichotumwa.

Kwa nini mtu aseme anaona asichokiona?

Swali hilo halikuniacha. Wangeci akiolewa atawaacha ng'ombe aliowalea tangu wakiwa ndama, ahamie Kerugoya kwa watu asiowajua, amngoje huyu mume mpaka mkataba wa Qatar uishe. Ni dada yangu mmoja tu. Nilitaka kujua kama anaolewa na mtu anayemjua.

Nikaweka ahadi na nafsi yangu. Siku ya mahari bwana harusi huletwa mbele ya mstari wa wasichana waliofunikwa leso kuanzia kichwani, wamenyamaza kimya, naye amtoe wake. Akikosea anatozwa faini na kuchekwa. Nilisema, Murimi akimchagua Wangeci, nitaamini maneno yake na simu nitaitumia. Akikosea, nitamrudishia.

Tata Wairimu, dada yake Baba, ndiye aliyetupanga jana. Tata ni mtu wa vituko. Alitupanga kwa kimo ili kichwa kisimtambulishe mtu. Mimi na Wangeci tuko sawa. Halafu akaleta vile viatu vya kahawia ambavyo Murimi alimtumia Wangeci kutoka Qatar, akanivalisha mimi. Vinanibana vibaya. Wangeci yeye alivalishwa gambuti zake za kwenda zizini, na samadi ikiwa bado imekaukia pembeni.

"Tata, huo ni wizi," nilinong'ona.

"Wizi gani? Viatu ni vyake, gambuti pia ni zake. Mimi nimesema uongo wapi?"

"Lakini ataona viatu."

"Kama anaoa viatu, si achukue viatu!"

Wanawake wakacheka mpaka leso zikawaanguka. Wangeci naye alicheka. Mimi nilibaki nikifikiri. Tata alikuwa mwerevu kuliko alivyojua, kwa sababu gambuti hizo ndizo maisha ya Wangeci. Huzivaa kabla jua halijachomoza na kuzivua giza likiingia. Mtu anayemjua angezitambua zikiwa zimetupwa njiani.

Chini ya leso kuna joto na harufu ya sabuni ya kipande. Nilikuwa ninaona kipande kidogo tu cha nyasi. Nikasikia Murimi akiletwa, na vijana wa kwao wakimchokoza.

"Washa tochi, Murimi!"

"Ati hapa hakuna kuvuta picha na vidole, jo! Angalia na macho ya Mungu!"

Wangeci alikuwa kulia kwangu. Niliona viatu vyeusi vinavyong'aa vikisimama mbele ya gambuti zake. Vilisimama kidogo. Kisha vikazunguka mbali, kama mtu anayekwepa tope.

Vikaja kwangu. Ncha zake zikatazamana na ncha zangu.

Ningeweza kukohoa. Wangeci hakohoi kama mimi, Murimi angejua si yeye. Sikukohoa.

"Ni huyu," Murimi akasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda. "Hivi viatu nilinunua mwenyewe!"

Leso ikavutwa. Nikaona mwanga, na nyuso nyingi, na uso wake ukibadilika. Vigelegele na vicheko vilipanda pamoja. Wazee wakatangaza faini ya mbuzi. Wangeci alicheka chini ya leso yake mpaka akashikiliwa asianguke. Kwa watu wote ile ilikuwa furaha ya siku, na nadhani kila mahari nzuri inahitaji kosa kama hilo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepata jibu langu.

Watu walipokaa kula, nilikwenda kwenye tangi la maji kuosha miguu. Nilichukua na kile kisanduku cheupe. Murimi alikuja kunawa mikono na kunikuta hapo.

"Shem, umenikasirikia? Pole. Ni Tata yenu alinicheza."

Nikamnyooshea kisanduku. Nilitaka kusema mambo mengi. Lililotoka ni "Sitaki."

"Imeharibika?"

Nikatikisa kichwa. Nikaifungua simu, nikamwonyesha ule ukurasa wa ubora. Akatoa yake, nikamwonyesha pia yake ilivyo. Akainama akasoma.

"Ati imekuwa hivi wakati wote?"

"Ilikuja hivyo."

Akacheka. Kisha kicheko kikakatika, akabaki ameshika simu mbili kama mtu aliyeshikishwa watoto wa wenyewe.

"Sasa mimi nilikuwa naona nini?"

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na suti yake yote.

"Nikuambie ukweli. Mara mingi alikuwa anaganda. Mdomo iko wazi na sauti inaendelea. Mwenye duka aliniambia nitaona kila unywele, nami nikawa nasema hivyo. Nikisema, ilikuwa inakaa kama siko mbali."

Nilikaribia kumwamini. Sauti yake haikuwa ile ya sebuleni. Nilikuwa nimeanza hata kumwonea huruma. Ndipo akasema, polepole:

"Lakini usimwambie Wangeci."

Shaka yote ikarudi.

"Mwambie wewe," nilisema. Ni maneno mawili tu, lakini kwa mtu kama mimi yalikuwa hotuba. Akasema "Haya," akaondoka. Kisanduku, na simu yangu ndani, alikiacha kwenye ukingo wa tangi.

Wageni walipoanza kuondoka, saa ya kukamua ikafika. Murimi alimwambia Baba anaomba gambuti. Baba akadhani ni mzaha. Akampa zake, kubwa mno, na Murimi akamfuata Wangeci zizini akiburuta miguu kama bata. Niliwaona kupitia nafasi za mbao. Wangeci alikuwa akimwonyesha ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Nilisikia sauti ya Murimi ikiwa chini kwa muda mrefu, kisha Wangeci akacheka. Sijui kama alikuwa anamwambia lile jambo au hadithi nyingine tu.

Leo tulipokuwa tukiosha masufuria nilijaribu kutega sikio. Wangeci hakusema lolote kuhusu skrini. Mwishowe nikamuuliza kama hakuumia Murimi alipomruka.

"We Nyawira, unamwangalia huyo mtu kama mwizi wa mbuzi! Miguu yangu ameiona wapi? Miaka miwili ameona kichwa na kopo ya unga. Miguu nitamfundisha."

"Na asipotaka kujifunza?"

Akasugua sufuria moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Basi utaniambia," akasema. "Wewe ndiye unaangalia."

Sikutegemea jibu hilo. Nilidhani ninachungulia peke yangu, kumbe nilikuwa nimeachiwa zamu.

Kwa hiyo nimeandika yote haya, na bado sijui. Kuhusu skrini, uamuzi wangu ni huu. Kali kupita kiasi haina maana kwa macho yangu, wala kwa bando langu, wala kwa chaji. Mwenye hela na pua ndefu anunue. Jana Murimi aliona mpaka mshono wa kiatu, na bado akamtoa mtu asiye wake.

Kuhusu Murimi, sijaamua. Aliniambia ukweli, halafu akaniomba niufiche. Alikwepa gambuti mchana, jioni akavaa nyingine. Nikiyaweka pamoja hayalingani.

Atarudi Qatar hivi karibuni. Najua simu ya kwanza itakuja jioni, na Wangeci ataegemeza simu kwenye kopo la unga kama kawaida. Nitakuwa hapo mezani, kitabu mkononi. Akianza tena habari za kila unywele, kisanduku kitabaki juu ya kabati mpaka aje akichukue. Lakini akisema, "Hebu geuza simu chini, nione umevaa nini miguuni," nitakifungua.

Na skrini nitaiacha pale pale kwenye wa kati.