Jibu la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 4 Machi 2019
Barua imefika. Ofisi ya mafao ya ulemavu imenikatalia tena. Wakili Tackett anasema sasa imebaki mahakama ya shirikisho, na tuna siku sitini. Nikamuuliza nitamweleza jaji lini. Humwelezi, akasema. Jaji atasoma jalada tu, neno jipya haliingii.

Jumatano, 6 Machi
Nimelisoma jalada. Ukurasa wa arobaini na moja! Hakimu wa mafao aliniuliza mgongo ukoje, nami nikajibu: "Namudu, namshukuru Mungu. Sina la kulalamika." Ndivyo tulivyolelewa huku milimani Kentucky – mgeni humwambii maumivu yako. Miaka kumi na tisa nimenyanyua wagonjwa vitandani, sikuguna. Naye akaandika: mdai mwenyewe anakiri anamudu. Eti naweza kukaa kutwa kiwandani nachambua njugu. Njugu! Soksi ananivisha mume wangu, Delmer. Nimejikasirikia mpaka chakula hakipiti.

Jumanne, 5 Novemba
Tackett kapiga simu. Jaji wa shirikisho hakunipa mafao, ila ametengua uamuzi – hakimu hakueleza kwa nini alipuuza vipimo vya daktari. Nitasikilizwa upya. Nililia, maharage yakaungua. Bila mafao sina kadi ya matibabu, na bila kadi sipati sindano za mgongo. Bila sindano siinuki kitandani.

Jumapili, 9 Februari 2020
Baada ya kanisa tumefanya mazoezi. Delmer kavaa miwani yangu, kajifanya hakimu. Mgongo unaendeleaje, Bi Stidham? Nikasema, vizuri tu.
"Wewe Orpha! Hizo soksi kakuvisha nani?"
Tukacheka. Kisha nikajaribu kusema ukweli, nikashindwa. Naona aibu, hata mbele yake.

Alhamisi, 13 Februari
Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha kusikilizwa. Hakimu ni yule yule. Saa mbili nzima tumekaa garini, mgongo unawaka moto, mguu wa kushoto siusikii. Karani mmoja, binti mpole, ameniona nimejikunja. Akauliza kama naumwa, aniletee mto.
"La, mwanangu," nikamwambia, "niko salama kabisa."
Nikatabasamu na kutabasamu! Tackett kafumba macho. Delmer kainama kunifunga kamba ya kiatu, watu wote wanaona. Sikumzuia.
Mlango umefunguliwa. Wanaita jina langu –