Paa Linalovuja kwa Makusudi

Houston, 5 Oktoba 2025

Binti yangu Christelle,

Salamu nyingi. Goti langu linasumbua kidogo, lakini natembea. Wewe na kazi za uwanja wa ndege mnaendeleaje?

Bibi Zelda, mzee ninayemtunza, anangoja sikukuu yao ya Kiyahudi, Sukot. Mwanawe Aroni amejenga kibanda uani, wanakiita suka. Watakula humo siku saba, kukumbuka wazee wao walivyohangaika jangwani. Juu kuna matawi tu, wanayaita skhakh. Jana mawingu yalitanda, nikachukua turubai gereji nikalifunga juu kwa mafundo yetu ya kambi ya wakimbizi. Aroni akalifungua. Eti nyota lazima zionekane. Paa linalovuja kwa makusudi, wewe umeliona wapi?

Bibi anataka nile naye humo. Siwezi. Baba yako alifia kule kambini chini ya paa kama hilo, nami nikikinga mvua kwa sufuria. Tangu jana situlii, nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mama yako

Euless, 6 Oktoba

Mama,

Pole na goti. Mimi mzima, nachoka tu. Acha hiyo kazi uje huku, ghalani kwetu hapa uwanja wa ndege wanatafuta watu. Shida nayo ni ya kufanyiwa sikukuu?

Halafu, Mama, leo ndiyo mara ya kwanza kuniambia baba alivyokufa. Kila nikiuliza unaniambia nile kwanza. Nina hasira na nina huzuni. Usinyamaze tena.

Mwanao, Christelle

Euless, 9 Oktoba

Mama, u mzima? Simu hushiki. Kama wamekufukuza kwa ajili ya turubai, sema. Jumapili naja kukuchukua.

Mwanao

Houston, 10 Oktoba

Binti yangu,

Mimi mzima, nawe usiwe na wasiwasi. Sikufukuzwa. Simu ikilia, nilikuwa nasoma tena ulichoandika.

Jana jioni nilipeleka supu, nikaishia mlangoni mwa suka. Bibi akanieleza desturi yao ya ushpizin, yaani wageni: kila usiku humkaribisha kwa jina mzee wa zamani, Ibrahimu, Isaka, Yakobo, aje akae nao mezani. Akaniuliza, “Na wewe, wa kwako nani?”

Nikasema, “Mugisho.” Basi nikaingia, maana ningewezaje kumwita baba yako halafu nimwache peke yake na watu wasiojua lugha yake?

Jumapili njoo, lakini si kunichukua. Bibi amekuwekea kiti. Nitakusimulia baba yako, yote, na mvua ikinyesha tutanyeshewa.

Mama yako