Asante, Ujumbe Wako Umepokelewa

Kijiji cha Ulaya, Kilosa
3 Mei 2004

Mwanangu Yared,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mgongo tu ndio unanisumbua kama kawaida yake. Wewe je, Dar inakutunza?

Lile shamba la mkonge anapewa mwekezaji. Ndilo hilo tunalolima tangu kampuni ilipokimbia, na mama yako amelala pale. Tangazo linasema mwenye pingamizi aandike kwenye tovuti kabla ya tarehe 15 Juni, karatasi hawapokei. Nikauliza ni ofisi gani, kumbe ndiyo hiyo yenu! Sasa nieleze, hiyo tovuti inaingiwaje?

Baba yako

Dar es Salaam
17 Mei 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Pole na mgongo, pakaa ile dawa niliyotuma.

Tovuti nimeitengeneza mimi mwenyewe, baba! Nendeni Mikumi, pana intaneti karibu na stendi, dada Anastazia anayehudumu pale atawasaidia. Kabla ya kutuma mtaona herufi zimepindapinda, ziandikeni zilivyo. Msikasirike. Matapeli wanatumwagia matangazo ya bahati nasibu na dawa za nguvu za kiume, mamia kwa siku, ndiyo maana nimeweka mlango. Tena kuna mtego wa pili wasiouona: taka nayo inajibiwa asante kama ujumbe mwingine wowote, kumbe inaenda jalalani. Bosi alicheka mpaka akanipandisha cheo.

Mwanao, Yared

Ulaya
14 Juni 2004

Yared mwanangu,

Marahaba. Mgongo umepoa, furaha nayo ni dawa.

Kazi imekwisha! Tulikaa kanisani, Mwalimu Melkizedek akaandika pingamizi, tukalipitisha neno kwa neno ili asitokee mtu wa kuongeza lake. Ndivyo tulivyofundishwa misheni: mkubaliane kwanza, kisha mseme kauli moja. Halafu baiskeli mpaka Mikumi, watu sitini na mmoja, siku tatu, mashine moja. Maneno yale yale, kila mtu na jina lake chini. Na hizo herufi zako, we mtoto! Bibi Magreti alikosea mara tisa, akalia, akarudia. Miwani yangu imekaa kwenye kila pua ya Ulaya. Lakini hakuna aliyetoka mle bila kusomewa: "Asante, ujumbe wako umepokelewa."

Nimekusifu mbele ya watu.

Baba yako

Dar es Salaam
1 Julai 2004

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo haujarudi. Mimi si mzima.

Ule mtego unatafuta maneno yanayofanana kutoka mashine moja, kwa sababu ndivyo matapeli wanavyotuma. Mtego umempitisha mtu wenu wa kwanza tu. Sitini wameenda jalalani, na jalala linajifuta lenyewe kila wiki. Nilimpelekea bosi barua yako, akasema karatasi si pingamizi, na mtu mmoja si kijiji. Mkataba umesainiwa jana. Baba, mtego niliutega mimi kwa mikono yangu. Nisamehe, sikujua.

Mwanao, Yared

Ulaya
20 Septemba 2004

Yared,

Sisi hatujambo.

Trekta lilipita Jumanne. Kaburi la mama yako tulikuwa tunalijua kwa yale mawe matatu uliyoyapanga mwenyewe ukiwa darasa la sita. Nimeyatafuta, ni matuta matupu. Magreti amehamia Dumila kwa mwanawe, anauza nyanya stendi. Kila akiniona ananiuliza ni herufi gani aliyokosea. Sijamwambia kwamba hakukosea, maana ataniuliza basi nani kakosea, na mimi nilikusifu mbele yake.

Barua zako tatu za kuomba msamaha zimefika. Ya kwanza niliisoma. Mbili za baadaye nilizifungua nikakuta maneno yale yale, kutoka kwa mtu yule yule, nikazitupa jalalani. Ukiandika tena, nitakujibu kama ulivyotufundisha.

Asante, ujumbe wako umepokelewa.

Kasian