Mita Hai za Mstari wa Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza usomaji wa Februari. Mstari wa Nne una mita za maji sitini na moja. Mita hai ni thelathini na nne.

Mita hai ni ile iliyosogea tangu mwezi uliopita, hata kidogo. Isiyosogea inaitwa mfu. Hilo ni neno la ofisini, si langu. Miaka mitatu iliyopita zote sitini na moja zilikuwa hai. Miti ikaisha, kiwanda cha mbao kikafungwa. Wakaondoka wanaume, kisha wake zao, kisha watoto. Shule imebaki na madarasa mawili. Mimi sihitaji kuambiwa nani kahama. Nafunua kifuniko, natoa utando wa buibui, najua.

Kwa mwalimu: 0417. Miezi mitatu mfululizo, bado 0417.

Msimamizi katugawia sisi wasoma mita barua. Mstari utakaokuwa na mita hai chini ya arobaini mwisho wa Machi, pampu yake itang'olewa, ipelekwe kwenye mtaa mpya karibu na kiwanda cha saruji. Huko watu wanaongezeka kila wiki na bomba ni moja. Akasema pampu haina kabila wala ujomba, inakwenda waliko watu.

Sikubishana naye. Mtaa huo ndiko alikohamia mume wangu mwaka jana. Binti yetu alimfuata Januari, darasa lake lilipofungwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Baba habari ya pampu. Nusu ya habari — inakokwenda sikusema.

Mtaro wa Mstari wa Nne aliuchimba yeye na wenzake saba, kijana wa miaka ishirini na mbili. Wale saba wote wamekufa. Kila kiungo cha bomba anakijua kama anavyowajua wajukuu zake. Mpaka leo watu wanamwita Fundi, ingawa ofisi ilimwachisha kazi zamani.

Alimaliza kula. Akanawa. Akauliza, arobaini? Nikasema arobaini. Zimepungua ngapi? Sita.

Akaenda kulala na jua bado liko juu! Nikajua nimemchoma.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumba ya kona imepata watu. Mama na watoto watatu, wametoka kule kwenye ukame, visima vyao vimekauka. Mzigo wao wote ni magodoro mawili na madumu kumi na moja. Madumu kumi na moja! Majirani walisimama mlangoni kuwahesabu. Mmoja akanong'ona kwamba sisi tunahama, hawa wanahamia, mwisho hatutajuana. Nikamjibu mgeni njoo mwenyeji apone, mita ya kona imefufuka, tumefika thelathini na tano.

Hakucheka. Mimi pia sikuwa natania sana.

Mume wangu kapiga simu. Anasema nafasi ya msoma mita iko huko, wanataka mtu mzoefu. Chumba ni kidogo lakini kina dirisha. Akauliza ninamsubiri nani. Nikamwambia Baba hataki kuhama. Akasema, sijamuuliza Baba, nimekuuliza wewe.

Tangu aondoke nalala kwa Baba. Nyumba yetu iko ng'ambo ya ua tu, nimeifunga. Mita yake ni mfu kama nyingine. Niliisoma mwenyewe, nikaandika mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Kiangazi hiki, halafu uwanja wa mwalimu una majani mabichi!

Nilipita asubuhi kwenda Mstari wa Pili. Nikasimama. Mlango una kufuli, dirisha lina vumbi la kuandikia jina. Lakini mfereji unatiririka. Nikafunua kifuniko: 0419.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Baba huyo, kainama kwenye bomba la uani, suruali kaikunja mpaka magotini. Mkononi ana waya wake wa funguo.

Niueleze huo waya. Hapa mtu akihama hampi jirani ufunguo, anampa Fundi. Anamwambia, nitunzie, nitarudi. Baba anautunga kwenye waya wa chuma, anaukunja ncha kwa koleo. Sasa funguo ziko kumi na moja. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuudai.

Nikamuuliza, Baba, unafanya nini?

— Nafungulia maji.

— Ya nani?

— Ya mwalimu.

— Mwalimu hayupo.

— Mita ipo.

Huyu ndiye aliyenichapa nikiwa na miaka saba kwa kuacha bomba likidondoka! Leo anamwaga maji mtaroni, uniti baada ya uniti. Nilitaka kugomba. Nikarudi mbele, nikafunika mita. Nikaenda zangu kazini.

Jumamosi, 15 Machi

Baba kafungulia nyumba tatu sasa. Kwa mwalimu, kwa mshonaji, kwa wale mapacha. Thelathini na nane.

Najiambia kwamba kazi yangu ni kusoma tarakimu. Mita imesogea, ni hai. Sheria haikuuliza nani kaisogeza. Najiambia hivyo nikipiga pasi, nikioga, nikisali. Mtu mwenye haki hajikumbushi mara nyingi hivyo.

Kizaazaa leo. Mama wa Kona kamkuta Baba akimwaga. Alikuja mbio na madumu yake, akayapanga mstari chini ya bomba bila salamu. Akasema, mzee wangu, nisamehe, lakini sisi tumezika ng'ombe kwa ajili ya hiki unachomimina. Baba akamwambia maji haya ndiyo yatakayomfanya aendelee kuwa na maji. Akamweleza yote — arobaini, pampu, barua. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. Sasa hiyo pampu, wanaoisubiri huko ni akina nani?

Baba akasema hajui.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Ijumaa, 21 Machi

Nyumba ya nne, ya mpiga picha. Thelathini na tisa. Baba anakula vizuri. Kaniambia utani wa zamani kuhusu msimamizi wa kwanza aliyetumbukia mtaroni na suti. Nimecheka mpaka nikalia, halafu nikaendelea kulia. Akadhani ni utani wake.

Jumapili, 23 Machi

Siku mbaya.

Binti yangu kapiga simu. Kwanza akaomba babu yake, kama kawaida yao. Baba akaweka sauti juu, masikio yake hayasikii vizuri.

— Hujambo mchumba?

— Sijambo Babu. Nimechoka tu.

— Umechokea wapi na miaka kumi na mbili?

Akamweleza. Bomba moja, watu hawahesabiki. Anaamka saa kumi alfajiri kupanga foleni, baba yake yuko zamu. Juzi dumu lilimponyoka, akaanza upya mwisho wa mstari, akachelewa shule, wakamsimamisha nje hadi saa nne. Aliyasema haya bila kulalamika, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Kisha sauti ikachangamka.

— Lakini Baba kasema mwezi ujao inaletwa pampu, Babu! Ya kwenu huko. Eti hamuitumii.

Nilikuwa nachambua mchele. Sikuinua kichwa. Nilisikia kiti cha Baba kikilia.

Mtoto akaita, Babu? Babu upo? Akasema yupo. Akamwambia achemshe maji kabla ya kunywa, na dumu alishike kwa mkono wa kulia, la sivyo bega litapinda. Akanipa simu bila kunitazama.

Baadaye akaniuliza, ulijua?

Nikasema nilijua.

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 26 Machi

Hatusemezani. Salamu tu. Kila siku anatoka asubuhi na waya wake, anarudi. Sijui anafanya nini huko. Sithubutu kumfuata.

Mume wangu kauliza tena. Nafasi itafungwa tarehe mosi. Nikasema nitampa jibu. Jibu lipi? Nikienda, nitamwachia nani huyu mzee? Nikibaki, yule mtoto anakua kwenye foleni. Nawapenda wote wawili na siwezi kuwagawia pampu moja.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu mwenyewe, ile iliyofungwa. Saa saba na dakika ishirini mchana. Fomu inatakiwa ofisini saa nane.

Nimesoma mstari wote tangu saa moja asubuhi. Zile thelathini na nne za watu zimo, hai. Ya kona, hai — uniti moja tu tangu wahamie, watu wanne! Yule mama alinifunulia kifuniko mwenyewe, kakisugua kinang'aa. Zile nne za Baba, hai.

Thelathini na tisa.

Nikapita kwenye nyumba saba nyingine za funguo, nikijua nitakuta zimesogea. Hazijasogea. Hata moja. Utando wa buibui uko palepale. Kwa hiyo siku zote hizi alikuwa anatoka na waya, anazunguka, anarudi bila kufungua koki.

Ikabaki yangu. Nikafika, nikamkuta kakaa hapa ngazini, kavaa koti lake la kazi, lile la ofisi lililochanika kwapani. Nikajua kashaifungulia. Nikapiga magoti, nikafunua. 1106. Kama Februari. Kama Januari.

Nikamtazama.

— Hiyo sijaigusa, akasema. Hiyo ni yako.

— Baba, mimi nifanye nini?

— Bomba unalijua lilipo. Nililiweka mimi siku ya harusi yako.

Bomba liko hatua nne kutoka hapa. Ndoo moja tu, na sindano itasogea. Ufunguo wa nyumba uko mfukoni, umepata joto. Sina haja nao kwa bomba la uani, lakini mkono hauachi kuushika.

Simu imelia mara mbili. Ni ile namba ya mume wangu, huko. Sijapokea.

Nimeandika tarehe, namba ya mita, jina langu. Kisanduku cha usomaji kiko wazi.

Baba katoa koleo kwenye koti. Nikadhani ni la koki. Siyo. Ananyoosha ncha ya ule waya, polepole. Ameimaliza. Ameushika wazi mbele yangu, zile funguo kumi na moja zimening'inia, anautazama mfuko wangu, na ananingoja.