Jogoo wa Festo

Jumapili jioni, Kihesa. Baridi ya leo haina adabu, imenifuata mpaka ndani ya blanketi. Nimerudi kutoka Kilolo na matope kwenye viatu na jogoo mkononi, na sijui nianzie wapi.

Nianze na kilichonipeleka.

Mdogo wangu Festo aliondoka nyumbani kwenda Chunya kuchimba dhahabu. Mwanzoni alikuwa anapiga simu. Kisha simu ikawa haipatikani, na miaka imepita haipatikani. Nimekwenda Chunya mara mbili. Nimezunguka kwenye vumbi lile na picha yake, nikiuliza kwenye maduara, yale mashimo wanayoshukia wachimbaji, na kwenye vibanda vya mama lishe. Wengine walisema kahamia machimbo mengine. Mmoja alisema kuna duara lilititia wakati ule, na waliofukiwa hawakujulikana majina. Nikarudi na picha yangu.

Wiki hii baba mdogo alinipigia. Ukoo umekaa. Wanataka tuweke matanga, tumlie Festo mara moja, tusimike msalaba pembeni ya kaburi la baba. "Mwanangu," alisema, "mtu hawezi kuwa si hai, si maiti. Mama yako anaisha. Wewe ndiye mkubwa, wewe atakusikiliza." Baba mdogo si mtu mbaya. 

Nilikubali.

Na kwa kuwa kwenye daftari hili ndipo ninaposema ukweli, niuseme wote. Nilipokata simu nilisikia nafuu. Nimechoka kumkodolea macho kila kijana mwenye mabega mapana pale sokoni. Nimechoka kuombea jina lile lile kila siku bila jibu. Nilitaka Festo awe amekufa ili mimi nipumzike, na nampenda Festo.

Basi asubuhi nikaenda Kilolo kumwambia Mama. Mama haoni. Presha ya macho ilimla taratibu, sisi tukadhani ni uzee tu, na tulipomfikisha hospitali ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Sasa anajua mchana na usiku, basi. Mimi alinitambua kwa kukohoa. "Kamwene, mwanangu," akasema, nami nikaitikia salamu hiyo ya kwetu, kamwene, nikamshika mkono tukashuka kanisani kwenye ukungu. Nilipanga kumwambia baada ya ibada.

Mahubiri yalikuwa ya kondoo aliyepotea. Nilikasirika. Nimesikia habari hiyo tangu shule ya Jumapili, na kila mara kondoo anapatikana. Sijawahi kusikia mtu akihubiri siku ile ambayo mchungaji anarudi nyumbani mabega matupu. Nilikaa nikitazama dirisha mpaka tulipoinuka kuimba.

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada. Kwetu watu hutoa sadaka ya walichonacho, mayai, mahindi, kuku, na vitu hivyo hunadiwa pale uwanjani. Mara nyingi anayenunua hachukui. Anamzawadia mtu, na mtu huyo anaitwa mbele aje apokee, huku akina mama wanapiga vigelegele. Mkwe anampa mkwewe, kwaya inampa mchungaji, na ndiyo raha yenyewe ya mnada.

Akaletwa jogoo mwekundu. Mama akanyoosha mkono.

Hajawahi kununua kitu mnadani tangu macho yake yafe. Bei ikapanda kidogo, kisha waliokuwa wakishindana naye wakaona ni nani, wakanyamaza. Akafungua fundo la kanga, akalipa.

"Haya mama, tumpe nani?" aliuliza mzee wa kanisa anayenadi, mtu mcheshi sana.

"Nampa mwanangu Festo. Mwiteni aje apokee."

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alikuwa amesimama na wazee wenzake, akainamisha kichwa. Mama alibaki katikati ya uwanja, jogoo kamshika miguu, uso kauelekeza barabarani, akisubiri.

"Mwiteni," akarudia, taratibu kabisa.

Mzee akaita. Aliita kama anavyoita watu wote. "Festo, njoo upokee zawadi ya mama yako."

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Huwa nangoja siku ya kukata vitunguu ili niwe na cha kusingizia. Leo nimelia mbele ya usharika mzima, nikatembea mpaka alipo Mama, nikasema, "Nampokelea mimi, Mama. Akija atamkuta kwangu." Akanikabidhi jogoo. Vigelegele havikupigwa. Mama mmoja huko nyuma alianza kupiga makofi polepole, na wengine wakamfuata.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani, Mama ndiye aliyeanza. Alisema baba mdogo alipita jana, na kwamba anajua nilichotumwa. Nikamwambia, "Mama, nimemtafuta. Kote nimetafuta. Sikumwona."

"Na mimi sikuoni," akasema. "Siku hizi nasikia sauti yako tu. Mbona sijakuwekea matanga?"



Nimekuwa nikidhani kumtafuta Festo ni kazi yangu, na kwamba nikichoka mimi, basi imeisha. Macho yangu mazima hayakuwahi kuona kwamba kuna mwingine anayemtafuta, na yeye hachoki. Kama Festo yuko hai na anaogopa kurudi mikono mitupu kama vijana wengi wa machimboni, Mungu anaijua njia ya kumfikia. Na kama yuko chini ya kifusi kile, Mungu anajua ni duara lipi. Hilo ndilo nililoliona leo. Ni dogo, na bado moyo unaniuma, na ndugu yangu bado sina.

Nimempigia baba mdogo nikamwambia matanga hayapo. Akauliza kama jogoo nimemfunga vizuri, nikamwambia nimemfunga jikoni, akasema nisisahau kumwekea maji.

Miaka yote hii nilikuwa namwomba Mungu anionyeshe Festo alipo. Leo sikuomba hivyo. Nimemwambia tu, ukimfikia kabla yetu, mwambie ana jogoo wake Kihesa, kwa dada yake.